Barua kwa Mwalimu: Alikuwa Akifundisha Nini?

Toleo lililopita nilimgusia kwa mistari minne tu mwalimu wangu wa hesabu aliyekwenda Vita vya Kagera asirudi. Sikujua mistari ile ingenirudia na barua nyingi namna hii. Nimechagua tano, zote kutoka huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Ya kwanza imekula nafasi kubwa kwa sababu ilinikesha siku mbili, nimejifunika blanketi hapa Kihesa, karatasi magotini.

SWALI: *Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa Iringa. Idara imenipa kazi ya kuandaa siku ya kuwakumbuka wahadhiri wa vyuo vikuu waliokufa wakati wa vita, popote duniani. Nimekusanya majina zaidi ya sitini, nikayapanga kwa alfabeti ili niyasome ukumbini. Mwenzangu mmoja kaniambia itakuwa kama kuita mahudhurio ya darasa ambalo hakuna aliyekuja. Niliumia, lakini nahisi ana haki. Nifanyeje? (Mhadhiri msaidizi, Gangilonga)*

JIBU: Marahaba mwanangu. Kamwene.

Mwenzako amekuumiza, lakini hakukosea. Majina sitini yakisomwa mfululizo hupita masikioni kama mabasi ya Mbeya yanavyopita Ipogolo usiku: unasikia muungurumo, hujui ndani kuna nani. Bakiza sita au saba. Na kwa kila mmoja, kabla hujauliza alikufa vipi, uliza alikuwa akifundisha nini. Nimehudhuria kumbukumbu ambazo mhadhiri anazungumzwa kama askari: alikamatwa lini, alipigwa risasi wapi, mwili ulipatikana au haukupatikana. Unatoka ukumbini umekijua kifo chake chote, ila kama angefufuka akaingia darasani, usingejua angeandika nini ubaoni.

Anza na Maurice Halbwachs, Mfaransa, mwalimu wa sosholojia. Alifundisha miaka mingi Strasbourg, kisha Sorbonne, Paris. Somo lake kubwa lilikuwa kumbukumbu yenyewe. Alifundisha kwamba mtu hakumbuki peke yake. Anakumbuka kwa kuwa yumo ndani ya kundi, la familia, la dini, la kazi, na kundi likitawanyika kumbukumbu nayo hulegea. Sisi tuliokulia misibani hatuhitaji maelezo marefu. Kaa matanga yoyote hapa Kihesa: mmoja anasimulia jinsi marehemu alivyonunua ng'ombe wake wa kwanza, wa pili anamkatiza kwamba haikuwa Mafinga, ilikuwa Ilula, wa tatu anakumbuka rangi ya ng'ombe. Kukicha, marehemu amekamilika, na hakuna hata mmoja aliyekuwa naye mzima kichwani.

Januari 1944 baba mkwe wa Halbwachs, Victor Basch, mzee wa miaka 80 aliyekuwa profesa Sorbonne, aliuawa pamoja na mkewe na wanamgambo wa Kifaransa waliokuwa wakishirikiana na Wajerumani. Julai mwaka huohuo Gestapo, polisi wa siri wa Wajerumani, wakamkamata Halbwachs mwenyewe. Alifia katika kambi ya Buchenwald tarehe 16 Machi 1945, siku tano baada ya kutimiza miaka 68. Kambi ilikombolewa tarehe 11 Aprili, hata mwezi haujaisha.

Ukisoma jina na tarehe hiyo, watu watasema maskini, kisha watatazama simu zao. Lakini waite watu watatu mbele, wamsimulie marehemu mmoja wanayemjua wote, wasahihishane mbele ya ukumbi mzima. Hapo hadhira yako itakuwa imekaa darasani kwa Halbwachs, hata kabla hujalitaja jina lake.

Strasbourg hiyohiyo, miaka ileile, alikuwapo mwanahistoria Marc Bloch. Mwaka 1929 yeye na mwenzake Lucien Febvre walianzisha jarida lililobadili namna historia inavyoandikwa. Walitaka kujua wakulima, njaa, fedha na imani, wafalme na vita wakakaa pembeni kidogo. Bloch aliwafundisha wanafunzi wake kusoma historia kwenye sura ya mashamba: kwa nini shamba hili ni refu na jembamba, kwa nini lile lina ua na hili halina, nani alikata mpaka huu na kwa sheria ipi. Vita vilipoanza 1939 alikuwa na miaka 53 na watoto sita, bado akavaa sare. Ufaransa iliposhindwa, naye ni Myahudi, hatimaye akajiunga na upinzani wa siri mjini Lyon. Walimkamata Machi 1944. Tarehe 16 Juni alipigwa risasi pamoja na wafungwa wenzake.

Sasa wewe uko Iringa. Piga picha ya vinyungu, bonde lolote lenye matuta ya mboga na mahindi ya kiangazi, uioneshe ukutani. Waulize walioko ukumbini nani aligawa bonde hili, lini, na kwa nini mpaka wa huyu umepinda pale kwenye mwanzi. Watabishana. Waache wabishane dakika kumi, ndipo uwaambie jinsi alivyokufa mtu aliyefundisha kuuliza hivyo.

Kuhusu Kraków, Polandi, usiwachague mmoja mmoja, wakumbuke wote kwa pamoja, maana ndivyo walivyochukuliwa. Tarehe 6 Novemba 1939 walimu wa Chuo Kikuu cha Jagiellonian waliitwa kusikiliza hotuba ya ofisa wa Kijerumani kuhusu elimu. Wakaja kama watu wa elimu wanavyokuja wakiitwa. Hotuba ikawa ni kuwakamata: watu 183, wengi wao wakapelekwa kambi ya Sachsenhausen, karibu na Berlin, baridi inaanza. Wazee kadhaa walikufa hukohuko. Dunia ilipopiga kelele, zaidi ya mia waliachiwa Februari 1940, na baadhi ya waliorudi Kraków wakaanza kufundisha kwa siri, majumbani, wakijua adhabu yake. Miongoni mwa vijana waliosoma kwa siri hivyo mjini humo ni Karol Wojtyła, ambaye baadaye tulimjua kama Papa Yohane Paulo wa Pili. Kila tarehe 6 Novemba chuo kile huwakumbuka.

Nimefika kwenye tarehe, na hapa nina ombi. Usifanye hafla yako siku yoyote tu ambayo ukumbi umepatikana. Ifanye tarehe 17 Agosti. Watu wa Iringa wanaijua siku hiyo kwa sababu ya Lugalo, mwaka 1891, Wahehe walipoliangamiza jeshi la Mjerumani Zelewski. Ni siku hiyohiyo, mwaka 1982, Ruth First alipouawa kwa bomu lililotumwa kwa barua ofisini kwake, Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, Maputo. Alikuwa mwandishi wa habari wa Afrika Kusini, makaburu walimfunga bila mashtaka, akaenda uhamishoni, akafundisha Durham kule Uingereza, kisha akaja kuongoza utafiti katika Kituo cha Masomo ya Afrika, Maputo. Nani hapa nyanda za juu atasema hayo hayamhusu? Moja ya kazi kubwa za utafiti alizoziongoza ilihusu wanaume wa Msumbiji wanaokwenda migodini Afrika Kusini: nini kinatokea shambani anapoondoka, nani analima, nini anarudi nacho kifuani. Ukipanda leo Rungwe ukamkuta bibi ambaye baba yake alikwenda kuchimba dhahabu Johannesburg akarudi na koti na kikohozi, msomee ukurasa mmoja wa utafiti ule kwa Kiswahili chako mwenyewe. Ataumalizia yeye.

Bomu lile lilimjeruhi pia mkurugenzi wa kituo, Aquino de Bragança, aliyekuwa chumbani. Alipona. Miaka minne baadaye, tarehe 19 Oktoba 1986, alikufa ndani ya ndege ya Rais Samora Machel wa Msumbiji iliyoanguka Mbuzini, Afrika Kusini.

Na chuo chenyewe kimebeba jina la mwalimu. Eduardo Mondlane alikuwa akifundisha anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, kabla ya kuacha kazi na kuja kuishi Dar es Salaam 1963 kuongoza FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji. Tarehe 3 Februari 1969 alifungua kifurushi cha kitabu, ndani yake mlikuwa na bomu. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Baba alizima redio katikati ya taarifa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatoka nje akasimama kwenye migomba. Utaulizwa kama Mondlane anastahili kuwamo, kwa kuwa alikwisha kuacha kufundisha. Mimi ningemweka, na ningesema wazi kwamba aliacha darasa kwa hiari yake na kwa sababu gani. Vita vile havikuwa mbali nasi. Hata vijana wa Zimbabwe, waliokuwa na vita vyao vya ukombozi, walifanyia mazoezi yao Mgagao, hapo Kilolo.

Kuhusu kazi ya mikono: tafuta ratiba za vipindi, maswali ya mitihani, mihtasari ya mihadhara. Karatasi moja ya mtihani aliyoutunga marehemu ina sauti yake kuliko wasifu wa kurasa tatu. Kama kuna ndugu walio hai, uwaombe ruhusa kabla hujatangaza chochote. Na aliyekufa kwa njaa useme njaa, aliyenyongwa useme kanyongwa. Lile neno letu la kwamba mtu "alitangulia" lina upole wake, lakini halimwambii mwanafunzi nani alifanya nini.

SWALI: *Mwalimu, nasoma uhandisi hapa Mbeya. Kila wakikumbukwa wasomi waliokufa vitani huwa ni wanahistoria na washairi. Sisi wa sayansi hatuna wetu? (Kijana wa Iyunga)*

JIBU: Mnaye, tena mmembandika ukutani. Nenda maabara yoyote ya sekondari hapo Mbeya utazame jedwali la elementi. Zamani elementi zilipangwa kwa uzito, na baadhi zilikataa kukaa mahali pake. Mwaka 1913 kijana Mwingereza, Henry Moseley, aliyekuwa amefundisha maabara Manchester chini ya mwanafizikia Rutherford, alipima miali ya eksirei inayotoka kwenye elementi moja baada ya nyingine, akaonesha kwamba kinachozipanga ni namba ya atomia. Zile namba ndogo pembeni ya kila alama, ndizo hizo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza alijiunga na jeshi ingawa walimu wake walimsihi asiende. Aliuawa Gallipoli, Uturuki, tarehe 10 Agosti 1915. Alikuwa na miaka 27.

Upande wa pili wa vita hivyohivyo alikuwapo Karl Schwarzschild, Mjerumani, aliyewahi kuwa profesa Göttingen. Alikuwa na zaidi ya miaka 40 alipojitolea, akapangiwa kukokotoa njia za makombora. Akiwa huko vitani, mwishoni mwa 1915, alipata jawabu kamili la kwanza la milinganyo mipya ya Einstein, na kutoka kwenye jawabu hilo ndipo wanasayansi wa baadaye walipoanza kuelewa mashimo meusi ya angani. Alirudi na ugonjwa wa ngozi, akafa Mei 1916.

Usidhani ni mambo ya zamani. Tarehe 2 Desemba 2023 Sufyan Tayeh, mwanafizikia na mkuu wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Gaza, aliuawa kwa shambulio la anga la Israeli, na familia yake. Siku nne baadaye chuo hichohicho kilimpoteza Refaat Alareer, aliyefundisha fasihi ya Kiingereza. Kuna wanafunzi wao wa umri wako ambao kozi yao haijamalizika.

SWALI: *Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhudumu wa usafi katika chuo hapa Mbeya, mwaka wa kumi na tatu huu. Nimeona bango la kukumbuka wahadhiri waliokufa vitani, na nimefuta vumbi kwenye meza za hafla hiyo. Sina ubaya nao. Lakini vita vikija chuoni, mimi si nitakuwa nimefika wa kwanza, saa kumi na moja alfajiri? (Mama wa watatu, Uyole)*

JIBU: Marahaba dada yangu. Nimeisoma barua yako kwa sauti mara mbili, na nakujibu kwa kisa kimoja ambacho ningependa kifike kwa waliotengeneza bango hilo.

El Salvador, Amerika ya Kati, ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu 1980. Katika Chuo Kikuu cha Amerika ya Kati, mjini San Salvador, walikuwapo mapadri Wajesuiti waliofundisha na kuandika. Mkuu wa chuo, Ignacio Ellacuría, alikuwa mwanafalsafa aliyehimiza vita viishe kwa mazungumzo. Ignacio Martín-Baró alifundisha saikolojia na aliendesha kura za maoni, akiwauliza watu wa kawaida wanafikiri nini, wakati ambapo hakuna mwenye mamlaka aliyetaka jibu. Segundo Montes alichunguza maisha ya wakimbizi. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Novemba 1989 askari wa jeshi la serikali waliingia chuoni wakawaua mapadri sita.

Usiku huo walikuwapo pia Elba Ramos, mpishi, na binti yake Celina, ambaye alikuwa bado mtoto wa shule. Walikuwa wameomba kulala hapo kwa sababu mji ulikuwa na mapigano na chuoni palionekana salama zaidi. Amri ilikuwa asibaki shahidi. Waliuawa wamekumbatiana.

Mume wa Elba, Obdulio, alikuwa mtunza bustani wa chuo. Pale nyuma ya nyumba, mahali mapadri walipoangushwa, alipanda mawaridi. Bustani ile ipo hadi leo, na kwa watu wa chuo kile hakuna hesabu ya sita. Wanasema wanane. Elba na Celina wanatajwa kwa majina kila mwaka pamoja na maprofesa.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, ungekuwa umefika wa kwanza, na jina lako lingestahili kuwa kwenye bango hilohilo kwa herufi za ukubwa uleule. Swali langu la siku zote kwako nalifundisha kusema hivi: mikono yake ilikuwa ikifanya nini? Wewe unajua mhadhiri gani huacha chaki dirishani, nani hulala ofisini kwa kuwa nyumbani hakuna umeme, nani hukusalimia na nani hukupita. Wakija kuandika historia ya chuo hicho, wakikosa kukuuliza wataandika nusu. Kawaoneshe ukurasa huu.

SWALI: *Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Kikundi chetu cha walimu wastaafu tunaandaa ibada ya kumbukumbu. Katika orodha kuna wasomi waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, na mwenzetu anataka tuweke pia wasomi waliounga mkono mauaji hayo ambao nao wamekwisha kufa. Anasema kifo kimewasawazisha. Inafaa? (Mwalimu mstaafu, Makambako)*

JIBU: Milele amina, mwalimu mwenzangu. Haifai.

Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda kilianzishwa Butare mwaka 1963. Aprili 1994, mauaji yalipokwisha kushika Kigali, Butare ilikaa karibu wiki mbili bila kulipuka, kwa sababu kubwa ya mkuu wa mkoa, Jean-Baptiste Habyalimana, Mtutsi pekee mwenye cheo hicho nchini. Akaondolewa. Tarehe 19 Aprili rais wa mpito Théodore Sindikubwabo akaja mwenyewe kuhutubia, na baada ya hapo kikafuata kile unachokijua. Tarehe 21 Aprili aliuawa Pierre-Claver Karenzi, mhadhiri wa fizikia. Wahadhiri, watumishi na wanafunzi wengi waliuawa siku zile, na baadhi ya wasomi wa chuo hichohicho walikuwa wameshabikia, wakaandika, wakaelekeza vidole. Mtu alitajwa na yule aliyekuwa akinywa naye chai mapumziko ya saa nne.

Jambo hili limo kwenye kumbukumbu za mahakama iliyokaa hapahapa nchini kwetu. Tarehe 19 Juni 2012, Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilimhukumu Kapteni Ildephonse Nizeyimana kifungo cha maisha, na kifo cha Karenzi kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomtia hatiani. Rufaa ilipunguza adhabu kuwa miaka 35.

Moseley na Schwarzschild, niliowataja kwa kijana wa Iyunga, nisingeona taabu kuwasoma kwenye ibada moja, ingawa majeshi yao yalikuwa yakiuana. Hakuna kati yao aliyemfungulia muuaji mlango wa ofisi ya jirani yake. Waliofanya hivyo Butare waombeeni toba na huruma ya Mungu, ibada yenu ina nafasi ya hilo, lakini fanyeni siku nyingine. Huwezi kumketisha mjane kwenye benchi asikie jina la mumewe na jina la aliyemtaja likisomwa kwa pumzi moja. Kama kati ya washirika wenu yumo mtu wa Ngara au Kigoma aliyewapokea wakimbizi wa mwaka ule, mwombeni azungumze yeye kwanza.

SWALI: *Mwalimu, toleo lililopita ulimtaja mwalimu wako wa hesabu aliyekufa Vita vya Kagera, lakini umeficha jina lake. Unatuambia tukumbuke, wewe mwenyewe unaficha. Kwa nini? (Msomaji wako wa siku nyingi, Mafinga)*

JIBU: Umeniuliza sawasawa, na nilistahili.

Nilikuwa kidato cha tano katika shule moja ya mkoa huu. Yeye alikuwa kijana, suruali zake mbili, baiskeli moja, na alikuwa ameahidiwa kurudi chuo kikuu kuwa mwalimu msaidizi. Alikuwa akifundisha jometri ya mistari na duara. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka, na Novemba yeye akaondoka na mgambo. Usiku wa kuamkia safari alimaliza kusahihisha jaribio letu, karatasi 31, akamkabidhi kiranja. Yangu ilikuwa na alama 41 na maneno matatu ya wino mwekundu: *Rudia hatua ya tatu.* Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Sisi tulifurahi uwanjani, tukaimba, na tuliporudi darasani mwalimu mpya alikuwa ameanza sura nyingine. Shule haikuandika jina lake mahali popote, wakati ule wala baadaye. Ile karatasi nimehama nayo nyumba tano.

Jina lake sikulificha kwa woga. Ni la watu wake kabla ya kuwa langu, na kwa miaka mingi sikujua walipo. Mwaka huu mwalimu mwenzangu wa zamani alinielekeza Makete. Jumamosi iliyopita nilipanda basi la Njombe alfajiri, na jioni nikawa nimeketi jikoni kwa dada yake mkubwa, mama wa zaidi ya miaka themanini, macho yameshapungua. Alikuwa hajawahi kuona karatasi yoyote ya kazi ya mdogo wake. Aliishika juu chini, nikamgeuzia. Akaniuliza ile hatua ya tatu ilikuwa na shida gani.

Mjukuu wake, kidato cha tatu, akasogeza taa. Akaifuata kwa kidole mstari kwa mstari, akasimama: nilikuwa nimedondosha alama ya kutoa. Bibi akamwambia aandike upya ilivyotakiwa, naye akaandika, nyuma ya daftari lake, akamsomea.

Karatasi nimewaachia, nimebaki na nakala. Kuhusu jina, wamesema suala hilo ni la ukoo mzima, na ukoo unakutana Desemba wale wa Dar es Salaam wakirudi kwa Krismasi. Wakiniruhusu, utalisoma hapa.